Saa ya Mfalme

Mazungumzo ya familia moja ya wanajumuiya katika sherehe ya Siku ya Uhuru, Silver Spring, Maryland

  

Mshereheshaji ametupa dakika 15, na ametuonya kwamba pilau likishafika mezani hakuna atakayetusikiliza. Mbele yenu tuko ndugu watatu wa tumbo moja. Mmoja anakaa hapa Silver Spring, mmoja Hyattsville, na mmoja alivuka mto zamani akahamia Woodbridge, Virginia. Anayesoma ni mmoja, lakini maneno ni yetu watatu, na tumeyagombania vya kutosha kabla ya kuyaleta hapa.

Wengi wenu mlikuja kutupa pole baba yetu alipofariki. Mlichanga, mkapika, mkakesha nasi, na kwa michango yenu mzee alirudi kulala Tabora. Hilo hatujalisahau. Baada ya arobaini tulikaa kugawana vitu vyake. Hakuwa na mengi: vitabu, makoti ya baridi, redio ya zamani. Na nyuma ya kabati, kopo la Africafé, na ndani ya kopo kipande cha khanga kimefungwa fundo, na ndani ya fundo saa ya mkono.

Saa hiyo tuliijua. Ilikuwa ya babu, baba wa baba yetu, aliyekuwa askari wa Keya. Ninyi watoto mliozaliwa huku: Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Baba alikuja nayo Washington miaka ya 1980, na tulipokuwa wadogo tuliiona mara moja tu kwa mwaka, siku kama ya leo, tarehe 9 Desemba. Aliitoa koponi, akaitia ufunguo taratibu, akamwekea kila mmoja wetu sikioni asikie inavyopiga, kisha akasema, "Hii ni saa ya Mfalme. Haivaliwi." Akaifunga tena. Mwaka umekwisha.

Saa ya Mfalme! Mtoto ukimwachia maneno matatu atajenga ghorofa juu yake. Tulipofika sekondari tulikuwa tunawaambia wenzetu kwamba Mfalme George wa Sita alimpa babu saa kwa ushujaa wake katika vita vya Bama. Mmoja wetu aliandika insha juu ya jambo hilo shuleni, akapewa A, na mwalimu akaibandika ukutani. Baba aliisoma ile insha. Alicheka kidogo, akasema Kiingereza chake ni kizuri. Hakusema zaidi.

Sasa mzee hayupo, saa iko mezani, na sisi tuko watatu. Saa haigawanyiki kama mkate. Mkubwa alisema ni yake kwa sababu ni mkubwa. Wa kati alisema ndiye aliyemuuguza mzee. Mdogo alisema iuzwe, pesa zilipe madeni ya hospitali, maana aliwahi kuona saa za vita zikiuzwa kwa bei ya gari. Kama ni zawadi ya Mfalme, je, bei yake itakuwaje? Wiki tatu hatukupigiana simu. Tunasema hivi hadharani kwa sababu tunajua hatuko peke yetu humu ndani.

Mwisho tulikubaliana jambo moja: kwanza tujue ni saa gani.

Tulianza vibaya. Tuliichukua kwenye duka moja, hatulitaji, na mwenye duka hakuigeuza hata mgongo. Alisema ataipaka uso upya, aing'arishe, na angetupa dola kadhaa papo hapo. Tunashukuru kwamba tulikuwa tumenuniana, maana hakuna aliyemwamini mwenzake kukubali.

Halafu tulikwenda College Park, kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka, dakika chache kutoka kwa huyu wa Hyattsville. Pale tulielezwa kwa upole mkubwa kwamba tumekuja katika nyaraka za Marekani, na kwamba shajara za vikosi vya Mwingereza ziko Kew, London. Ilikuwa haki yetu. Ukiwa na shida na hati ya shamba la Tabora huendi kuuliza Nairobi.

Aliyetufungulia macho ni fundi saa mmoja mzee, Mmarekani, amestaafu, tuliyeelekezwa kwake baada ya kutembelea jumba la makumbusho ya saa lililoko Columbia, Pennsylvania. Ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka hapa, na wenye watoto tunawashauri waende. Mle mna saa za kila aina, kuanzia za kivuli cha jua. Huyo mzee alivaa miwani, akaigeuza saa yetu kifudifudi kabla ya kuutazama uso wake. Akasema saa, kama mtu, huandikwa ukweli wake mgongoni.

Nyuma kulikuwa na alama ambayo sisi maisha yetu yote tuliidhani ni mkwaruzo. Ni kama unyayo wa kuku: mistari mitatu inayokutana kwenye ncha moja. Chini yake herufi A.T.P. na namba. Ule unyayo wa kuku ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na wameitumia kwa karne nyingi. Wenye dira, darubini au visu vya babu zenu, leo mkirudi nyumbani mvigeuze. Herufi A.T.P. ziliwekwa kwenye saa za Jeshi. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili viwanda vya Uingereza vilikuwa vimeshikwa na kazi ya silaha, kwa hiyo jeshi liliagiza saa kutoka Uswisi, kwa makampuni mbalimbali. Yetu ni Cyma. Uso wake mweupe uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, akrabu ndogo ya sekunde iko peke yake chini, mtambo una vito 15. Na vile vijiti vya kushikia mkanda havitoki. Vimeunganishwa moja kwa moja na mwili wa saa, ili askari asiipoteze porini. Ziko dada zake maarufu zaidi, zenye herufi W.W.W., zilizoanza kufika jeshini mwaka 1945 kutoka makampuni 12. Hizo ndizo ambazo mdogo wetu aliziona zikiuzwa kwa bei ya gari. Zetu hizi ni za bei ya baiskeli nzuri.

Tukamuuliza: je, Mfalme angeweza kumpa mtu saa kama hii iwe zawadi? Mzee akacheka. Zawadi ya mfalme, alisema, huandikwa. Na ni kweli. Ndugu zetu wa Unguja wenye jamaa Muscat wanajua saa zenye hanjari na taji usoni, ambazo Sultan Qaboos aliwapa watu. Hizo huhitaji kuuliza nani katoa. Saa yetu haikuwa na jina, wala tarehe, wala neno la pongezi. Ilikuwa na unyayo wa kuku tu, unaosema: hii si yako, irudishe.

Hapo tulinyamaza wote watatu. Fundi alidhani tumesikitikia bei. Sisi tulikuwa tunawaza neno ambalo hakuna aliyetaka kulitamka ndani ya gari mpaka tulipofika karibu na Baltimore: kwamba babu aliiba.

Kabla hatujaendelea, jambo la usalama, na hili tunaomba kina mama na kina baba mlisikilize kuliko hadithi yenyewe. Vile vidoto vya usoni na akrabu za saa za zamani viling'aa gizani kwa rangi iliyochanganywa na radiamu. Radiamu hutoa mionzi. Leo vidoto vya saa yetu having'ai tena, na sisi tulidhani sumu nayo imekwisha. Sivyo. Kilichochoka ni ile kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Hapa hapa Marekani, New Jersey, miaka ya 1910 na 1920, wasichana wa kiwandani walichora tarakimu za saa kwa rangi hiyo huku wakinyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Taya zao zilioza, na wengi walikufa. Saa iliyofungwa na kuwekwa kabatini haina hatari ya namna hiyo, lakini usiifungue mwenyewe, usikwaruze rangi yake, usimpe mtoto achezee, na kioo kikivunjika usipulize vumbi. Fundi wetu aliifungua akiwa na glavu, na meza yake aliifuta kwa kitambaa kibichi akakitupa. Baba yetu alituwekea sikioni mara moja kwa mwaka akairudisha ndani ya kopo la bati. Hakujua fizikia, lakini alikuwa amekingwa na heshima.

Tuendelee. Fundi alipofungua kifuniko cha nyuma alituonyesha mambo mawili. Kwa ndani kulikuwa na maandishi madogo mno yaliyochorwa kwa ncha ya sindano. Ni desturi ya mafundi saa dunia nzima: akishaisafisha saa huacha alama yake na tarehe ndani ya kifuniko, ili ikirudi aijue kazi yake. Yetu ilikuwa na alama tatu: ya 1949, ya 1953 na ya 1958, mkono tofauti kila moja. Kwa hiyo babu, kwa mshahara wake wa stesheni ya reli Tabora, aliipeleka saa kwa fundi mara tatu ndani ya miaka kumi.

La pili lilimshangaza fundi mwenyewe. Saa hizi mwili wake umepakwa kromu, na kromu hubanduka pale panapogusa jasho la mkono. Nyingi alizoziona zimemenyeka kama muhogo. Yetu ilikuwa karibu nzima. Akatuambia, "Saa hii imetunzwa sana, na haikuvaliwa."

Mtu gani analipa fundi mara tatu kwa saa asiyoivaa?

Jibu halikuwa Pennsylvania wala Kew. Lilikuwa Tabora, kwa shangazi yetu, mtoto wa mwisho wa babu, na ni aibu kwamba hatukumpigia yeye kwanza. Tulimpigia Jumapili, saa tatu asubuhi ya hapa, kule jioni. Tukamsalimu shikamoo shangazi, marahaba wanangu, tukauliza habari za mvua, za mihogo, za goti lake. Kisha tukamuuliza kwa kuzunguka zunguka ile saa ya Mfalme babu aliipataje. Tuliogopa kumkosea.

Shangazi akasema, "Kwani baba yenu hakuwaambia? Ile saa si yetu."

Tunawasimulia kama alivyotusimulia, na pale ambapo alisema hakumbuki, nasi hatujaongeza.

Babu alikwenda Bama na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye kichwa cha kifaru begani. Walipelekwa kwanza Ceylon, na mwaka 1944 wakaingia Bama wakati wa masika ya huko, wakashuka bonde la Kabaw ndani ya tope na malaria, wakiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Mji wa Kalewa waliutwaa mapema Desemba 1944, na mafundi wa jeshi wakajenga pale daraja la vyuma la mita 350 hivi. Haya yamo vitabuni. Kisicho vitabuni ni kwamba babu alikuwa na rafiki, mtu wa simu za jeshi, na kwa kuwa mtu wa simu lazima ajue saa, alipewa saa ya kazi. Kikosi kizima kilikuwa kinamuuliza yeye saa ngapi, mpaka wakampa jina la utani kwa sababu hiyo. Kabla ya kufika mtoni rafiki huyo aliugua. Akamvulia babu saa, akamwambia ampelekee mama yake. Babu akamwambia, hii ni saa ya Mfalme, watakuja kuidai. Yule akamjibu, wakiidai wape, wasipoidai mpe mama. Hakuamka.

Hawakuidai. Au labda walisahau, au labda karatasi ilipotea kwenye tope lile. Kwa hiyo, watoto, babu hakuwahi kusema uongo. Alisema saa ni ya Mfalme, na ilikuwa ya Mfalme kama mafuta ya taa ya bomani yalivyokuwa ya serikali. Sisi ndio tuliosikia kwamba Mfalme katoa. Kiswahili chetu kina hiyo "ya" moja tu, ya mwenye mali na ya aliyetoa, na tulichagua ile iliyotupendeza.

Sasa kuhusu yule mama. Mwaka 1953, shangazi akiwa bado anabebwa mgongoni, babu aliomba likizo ya reli. Akapanda treni mpaka Dodoma, na kutoka hapo mabasi na malori, Iringa, Njombe, mpaka Songea. Rafiki yake alikuwa mtu wa kule. Babu alikaa siku tisa akiuliza. Tatizo lilikuwa jina. Askari wengi waliandikishwa kwa majina ambayo nyumbani hayakujulikana: mwingine alitoa jina la ubatizo, mwingine la mjomba, mwingine alitoroka kwao akajipa jipya. Jina la jeshini hakuna aliyelijua Songea, na jina la nyumbani babu hakulijua. Karatasi aliyokuwa ameandikiwa kijiji ililiwa na mchwa Tabora. Akarudi na saa. Mwaka ule ule akaipeleka kwa fundi. Tulipomtajia shangazi tarehe iliyochorwa ndani ya kifuniko alikaa kimya kwenye simu, tukadhani mtandao umekatika.

Alama ya 1958 nayo ina habari yake. Januari ya mwaka huo TANU walifanya mkutano wao mkuu Tabora, ule wa Uamuzi wa Busara, na wajumbe walishuka stesheni kutoka kila pembe ya nchi. Shangazi anasema babu alisimama stesheni akiwauliza wajumbe wa kusini kama wanamjua mama aliyepoteza mtoto Bama. Miongoni mwa waliokipigania chama kile walikuwepo waliopita Bama wenyewe. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, alikuwa askari wa Keya kule. Lakini mama huyo hakupatikana. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa Dar es Salaam na redio ikitangaza, babu aliitoa saa akaitia ufunguo. Akasema, sasa hakuna Mfalme wa kuidai, imebaki ya mama tu. Ndiyo sababu baba aliitoa kila tarehe 9 Desemba. Sisi tulidhani ni mapambo ya sikukuu.

Kwa nini baba hakutuambia? Tumelijadili sana. Mmoja wetu anaamini alisubiri tukue. Mwingine anaamini aliona haya kwamba aliichukua saa ya watu akaileta mbali zaidi na wenyewe, ng'ambo ya bahari. Wa tatu anasema alijaribu: siku ile ya insha, alipocheka kidogo. Hatutajua.

Ugomvi wetu uliisha siku ile, si kwa sababu tumekuwa watu wema ghafla. Vitu vya kurithi hugombewa, na hiki kimetoka katika mirathi. Saa tunaitunza kwa zamu, miezi minne kila nyumba, kopo lake na khanga yake. Mdogo wetu bado ana deni la hospitali, nasi wawili tunamsaidia.

Watoto wetu nao wameuliza maswali. Mmoja wa miaka tisa alishangaa kuambiwa na shangazi kwamba treni ya babu ilifika saa moja asubuhi wakati akrabu inaonyesha saba. Tulimwambia Waswahili tunahesabu tangu jua lichomoze. Akasema basi saa hiyo imekaa Marekani miaka arobaini bila kujua Kiswahili. Tumemwachia hivyo.

Tumetafuta kadiri tulivyoweza. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bure kwa intaneti. Wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon, karibu majina 27,000, na wa Afrika Mashariki wamo. Tumesoma majina ya Keya mpaka macho yakauma. Bila jina la jeshini huwezi kusema ni yupi. Shangazi analikumbuka lile jina la utani peke yake.

Jina hilo tumekubaliana tusilitaje hapa, wala lisichapwe. Tunaomba hivi: kama kwenu, Songea mjini, Mbinga, Namtumbo, Peramiho au popote kusini, kuna ukoo ambao bibi au mama mkubwa alikuwa na kijana, au kaka, aliyekwenda Keya akawa mtu wa simu na hakurudi kutoka Bama, waulizeni wazee wenu wenzake walimwitaje kwa utani. Waulizeni wiki hii, kwa simu, msingoje likizo ya Julai. Mtakaporudi na jina, tutalilinganisha na la shangazi, na yeye ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Ana miaka 73, goti linamsumbua, lakini kumbukumbu yake ni kali kuliko yetu watatu tukijumlishwa.

Saa iko kwenye meza ya nyuma, karibu na picha za wazee, ndani ya kisanduku cha kioo. Mnaruhusiwa kutazama na kupiga picha. Tafadhali kisanduku kisifunguliwe. Tumeitia ufunguo saa moja jioni, kwa hiyo ukiinama utaisikia.

 Karibuni pilau.